Ruashi: vumbi liko hapa, mashine iko Ulaya. Masta ya utafiti inaweza kubadilisha nini?

LUBUMBASHI – Katika komini ya Ruashi, kaskazini-mashariki mwa mji wa Lubumbashi, mgodi wa shaba na kobalti unapakana na makazi ya watu. Upande wa Kalukuluku, milima ya udongo uliochimbwa inaonekana ukiwa barabarani. Watoto wanacheza nje, mama anapanga lengalenga na sombe kwenye meza yake, na wakati wa kiangazi vumbi linatua juu ya vyote. Swali la wakaaji ni la miaka mingi: vumbi hili linaingia mwilini kwa kiasi gani, na likisha kuingia linafanya nini?

Swali hilo lilirudi kwa nguvu mwanzoni mwa Novemba 2025, wakati maji machafu kutoka eneo la kampuni ya Congo Dongfang Mining yalipoingia katika mitaa ya Lubumbashi na waziri wa migodi akasimamisha kazi za kampuni hiyo kwa miezi 3. Siku kama hizo watu wanauliza kwanza maji yana nini ndani. Swali la pili halisikiki sana: ni nani hapa mjini mwenye elimu na vyombo vya kupima damu na mkojo wa watu, aendelee kuwafuata kwa miaka, kisha aseme kilichopatikana?

Mtu huyo anafundishwa katika masta ya utafiti wa sayansi ya biomedikali. Vijana wa Lubumbashi, na wale wanaokuja kusoma huku kutoka Kalemie, Kolwezi au Kivu, wanaijua masta hiyo kwa jina. Wengi hawajui inadai nini, wala inampeleka mtu wapi.

Neno moja, maana mbili

Tatizo la kwanza liko nyumbani. Katika mfumo wa zamani wa masomo ya juu nchini Kongo, miaka 3 ya kwanza ya udaktari iliitwa "graduat" ya sayansi za biomedikali. Kwa hiyo wazazi wengi wakisikia "biomedikali", wanafikiri munganga, koti jeupe na wagonjwa kwenye foleni. Mtoto anapoeleza kwamba atasoma miaka 2 zaidi bila kutibu mtu yeyote, familia inaona amepotea njia. Shangazi aliyechangia minervali anauliza: sasa utafungua dispensari lini?

Jibu la kweli ni kwamba hatafungua. Masta ya utafiti haimpi mtu ruhusa ya kutibu. Inamfundisha kutafuta chanzo cha ugonjwa na kuthibitisha alichopata kwa njia ambayo mtu mwingine anaweza kuirudia. Anayetaka kutibu anabaki katika udaktari. Anayetaka kazi ya kupima wagonjwa kila siku anaweza kupitia biolojia ya tiba katika taasisi za ufundi wa tiba, ISTM. Njia hizi 3 zinakutana hospitalini, lakini kila moja ina kazi yake.

Mfumo wa LMD, yaani lisansi, masta na doktora, umeongeza mkanganyiko huo. Sheria ya elimu ya Februari 2014 ndiyo iliyoweka msingi wake, na kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022 serikali ilitaka vyuo vyote viufuate. Lisansi imekuwa ya miaka 3, masta miaka 2. Mbele ya mwanafunzi kuna masta ya aina mbili: ya kikazi, inayomuandaa kwa ajira, na ya utafiti, inayomfungulia doktora. Nafasi ambayo zamani ilishikwa na DEA, ile diploma iliyotangulia doktora, sasa inachukuliwa na hii ya utafiti. Anayechagua bila kuuliza anaweza kugundua mwaka wa pili kwamba yuko katika mlango ambao si wake.

Kazi yenyewe ikoje

Mfano mzuri uko hapa hapa Katanga. Mwaka 2009 Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), pamoja na Profesa Benoit Nemery wa chuo kikuu cha Leuven nchini Ubelgiji na wenzao, walitoa matokeo ya mkojo wa watu 351 wa kusini mwa Katanga. Waliwagawa kwa umbali: wanaoishi chini ya kilomita 3 kutoka mgodi au kiwanda cha kuyeyusha madini, wanaoishi kati ya kilomita 3 na 10, na wanaoishi mbali kabisa. Kadiri mtu alivyokuwa karibu, ndivyo metali zilivyozidi katika mkojo wake. Kwa kobalti, watafiti waliandika kwamba viwango hivyo vilikuwa vya juu kuliko vyote vilivyokuwa vimeripotiwa kwa watu wa kawaida, maana yake watu ambao hawafanyi kazi kiwandani.

Mwaka 2018 kundi hilo hilo lilitoa utafiti mwingine, safari hii kutoka Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti hadi ndani ya viwanja vyao. Walipima wakaaji 72, kati yao watoto 32, na kuwalinganisha na watu 25 wa mtaa wa jirani. Kobalti ilikuwa nyingi zaidi Kasulo, na tofauti kubwa ilikuwa kwa watoto. Kwa watoto hao kulikuwa pia na dalili za kuharibika kwa DNA.

Mwaka 2020 ikawa zamu ya Lubumbashi. Watafiti walilinganisha watoto 138 waliozaliwa na kilema kinachoonekana na watoto 108 waliozaliwa bila kilema, kati ya Machi 2013 na Februari 2015. Baba akiwa na kazi ya migodini, uwezekano wa kilema ulikuwa mkubwa mara 5 hivi. Hesabu hiyo inahitaji tahadhari, kwa sababu idadi ya watoto ni ndogo na kiwango cha kweli kinaweza kuwa chini au juu zaidi. Njia ambayo kazi ya baba inamfikia mtoto aliye tumboni bado inatafutwa.

Hapo ndipo mwanafunzi wa masta anapata nafasi. Hawezi kujibu swali lote la migodi na afya kwa miaka 2. Anaweza kukata kipande kidogo. Kwa mfano: mfanyakazi akiacha nguo za kazi kazini badala ya kufuliwa nyumbani, je, kobalti katika mkojo wa watoto wake inapungua? Swali hilo linaonekana dogo, lakini lina kazi ya mwaka mzima ndani yake.

Kwanza anasoma yote yaliyokwisha kuandikwa, mengi yakiwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wanafunzi wengi wa Kongo hawakufundishiwa. Kisha anaandika mpango: familia ngapi, zitachaguliwaje, zitalinganishwa na nani. Mpango huo unapita mbele ya kamati ya maadili ya tiba ya chuo. Kamati inataka kujua kama mzazi ataelezwa kwa lugha anayoisikia, kama anaweza kukataa bila kupata hasara, na kama jina lake litafichwa.

Baada ya hapo anakwenda nyumba kwa nyumba. Kikopo cha mkojo kikiwekwa wazi uani, vumbi la Ruashi litaingia na kipimo kitadanganya. Mtoto aliyekunywa maji mengi atatoa mkojo mwepesi, na metali itaonekana kidogo kuliko ilivyo. Ndiyo maana labo inapima pia kreatinini, kitu ambacho mwili hukitoa kwa kiasi kinachojulikana, ili mkojo mwepesi na mzito vilinganishwe. Anauliza pia chakula, kwa kuwa utafiti uliofanyika Katanga na kutolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kobalti inapita pia kwenye sahani, kupitia mboga na nafaka, na kwamba kwa watoto vumbi lina uzito wake. Anayesahau kuuliza mboga zimetoka bustani gani anaweza kulaumu nguo bure.

Mwisho kuna hesabu za takwimu, kuandika memwari na kuitetea mbele ya maprofesa. Anayetegemea kukariri kozi ataumia hapa, kwa sababu jibu haliko katika silabi ya mtu yeyote.

Pale inapokwama

Kuna jambo moja katika tafiti hizo ambalo vijana wa Lubumbashi wanalifahamu vizuri. Watu walitoa mkojo Katanga, lakini vipimo vya metali vilifanyika Ubelgiji. Metali ndogo sana za mwilini zinapimwa na mashine inayoitwa ICP-MS. Bei yake inahesabiwa kwa mamia ya maelfu ya dola, inakula gesi ya argoni bila kupumzika, inataka maji safi kabisa, fundi wa kuitengeneza na umeme usiokatika. Lubumbashi, mji unaotoa metali hizo, umezoea delestaji ya SNEL. Hata friza ya kutunza sampuli inahitaji jenereta, na jenereta inahitaji mafuta ya kununua.

Matokeo yake ni aina ya mgawanyo wa kazi ambao haukuandikwa popote. Mwanafunzi wa Kongo anajua mitaa, anajua kuongea na mama wa Ruashi kwa Kiswahili chake, anakusanya sampuli. Mwenzake wa Ulaya anajua mashine. Wakati wa doktora, mwenye kujua mashine anasonga haraka. Si kosa la washirika wa Ubelgiji: bila wao, tafiti za 2009, 2018 na 2020 zisingekuwepo, na Wakongo kadhaa wamepata doktora kwa njia hiyo. Lakini utegemezi huo una bei. Wakati wa dharura kama ile ya Novemba 2025, majibu yanayohitaji kupanda ndege hayafiki siku ile wakaaji wanapoyahitaji.

Virusi vilifungua njia, metali bado

Kongo ina mfano wa kuonyesha kwamba hali hii inaweza kubadilika. Mwaka 1976 Profesa Jean-Jacques Muyembe alikwenda Yambuku, katika Équateur, ambako ugonjwa usiojulikana ulikuwa unaua watu. Damu ilipelekwa Antwerp, na Ebola ikatambuliwa nje ya nchi. Muyembe alikuwa amesoma doktora yake Leuven, kisha akarudi nyumbani. Mwaka 1984 INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ilianzishwa Kinshasa. Mwaka 1995 Ebola ilipozuka Kikwit, mtu mmoja alipona, na kutoka damu yake ikatengenezwa dawa iitwayo mAb114. Ilijaribiwa mashariki mwa Kongo katika mlipuko wa 2018 hadi 2020, na Marekani ikaipa kibali Desemba 2020. Wakaaji wa Beni na Butembo wanaijua kazi hiyo.

Mfano wa karibu zaidi ni Kamituga, mji wa dhahabu huko Kivu Kusini. Mwishoni mwa 2023 mpox ilianza kuenea humo kwa namna mpya. Sampuli zilisomwa na INRB, kundi la Placide Mbala likatambua tawi jipya la virusi linaloitwa Ib, na Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Safari hii Kongo iliiambia dunia.

Tofauti kati ya Yambuku na Kamituga ni karibu miaka 50 ya watu waliofundishwa utafiti, na mashine zilizowekwa mahali wanapofanyia kazi. Kwa virusi, nchi imefika hapo, kwa sababu Ebola inaogopesha dunia nzima na pesa za dunia zinakuja haraka. Kobalti katika mkojo wa mtoto wa Ruashi haiambukizi mtu wa Paris wala Washington. Kwa hiyo pesa ya kuichunguza itabidi itafutwe kwingine.

Pesa iko wapi?

Kwingine huko kunajulikana. Kanuni ya migodi iliyorekebishwa Machi 2018 inazitaka kampuni kulipa mrabaha, na tangu Novemba 2018 kobalti imewekwa kati ya madini ya kimkakati, inayolipa asilimia 10. Mrabaha unagawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo mgodi ulipo, na 10 kwa mfuko wa migodi kwa ajili ya vizazi vijavyo. Juu ya hayo, kampuni inatakiwa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka.

Kwa kawaida pesa za jamii zinajenga shule, zahanati, visima na barabara. Hakuna mwenye akili atakayekataa kisima. Lakini kisima kilichochimbwa karibu na mgodi bila mtu wa kupima maji yake mwaka hadi mwaka ni kazi nusu. Mashine moja ya kupima metali, ikiwekwa chuoni na kutumiwa pamoja na hospitali, idara ya mazingira na vyuo vya Kolwezi na Likasi, ingefundisha wanafunzi wengi wa masta na kuwajibu wakaaji. Gharama yake ni kubwa kwa chuo, lakini ni ndogo kwa jimbo linalolisha viwanda vya betri vya dunia.

Kuna pia upande wa hatari. Labo ikilipwa moja kwa moja na kampuni, mtafiti atajikuta anapima vumbi la yule anayemlipia mafuta ya jenereta. Zaidi ya hapo, katika Lubumbashi karibu kila familia ina kaka, shemeji au mjomba anayefanya kazi mgodini. Kijana wa masta anayeandika matokeo mabaya anafikiria pia mkate wa ndugu yake. Njia salama ni pesa kupita katika mfuko wa umma wenye wasimamizi zaidi ya mmoja, na matokeo kutangazwa hata yasipompendeza mtu. Kinyume chake nacho kinahitaji ujasiri: vipimo vikionyesha kwamba mahali fulani hatari ni ndogo, mtafiti lazima aseme hivyo pia, hata kama mtaa mzima ulitaka kusikia jambo jingine.

"Majibu iko wapi?"

Deni lingine ni kwa wakaaji wenyewe. Mtu aliyetoa mkojo wa mtoto wake ana haki ya kujua kilichopatikana. Makala za sayansi zinatoka kwa Kiingereza, memwari zinaandikwa kwa Kifaransa na kukaa kwenye rafu. Mama aliyefungua mlango wake hasomi chochote kati ya hivyo. Safari ya pili mwanafunzi mwingine akija na vikopo, anaulizwa: majibu ya wale wa kwanza iko wapi? Asipokuwa na jibu, mlango unafungwa, na hapo utafiti wote wa kesho unapata hasara.

Kurudisha majibu kunahitaji maneno. Ni lazima mtu aweze kueleza kwa Kiswahili cha Ruashi kwamba kobalti katika mkojo inaonyesha kilichoingia mwilini siku za karibuni, na kwamba kuwa nayo hakumaanishi mtoto ameshakuwa mgonjwa. Ni lazima pia aseme kinachowezekana kufanyika leo: kuosha mboga kwa maji safi, kunawa mikono kabla ya bukari, kufuta vumbi ndani kwa kitambaa chenye maji, kutenga nguo za kazi. Hayo hayamalizi tatizo la mgodi kuwa karibu na nyumba, lakini mzazi anaweza kuyaanza jioni hiyo hiyo.

Kabla ya kujiandikisha

Kwa kijana anayefikiria njia hii, maswali machache yanaweza kumwokoa miaka. Profesa atakayemsimamia ana wanafunzi wangapi, na wangapi wamemaliza? Labo ina chombo gani kinachofanya kazi sasa, na sampuli zitapimwa wapi? Nani analipa vitendanishi? Masta hiyo inafungua doktora, au ni ya kikazi? Miaka 2 ya kwenye karatasi huvuta kirahisi hadi 3 au zaidi ikiwa kuna migomo ya walimu au sampuli zinasubiri safari.

Msaada wa masomo upo, ingawa nafasi ni chache. Ubelgiji inatoa bursa kupitia ARES na VLIR-UOS. Mpango wa BEBUC, ulioanzishwa na Profesa Gerhard Bringmann wa Würzburg nchini Ujerumani, unasaidia wanafunzi bora wa vyuo vya Kongo hadi masta na doktora. Karibu zaidi, Chuo Kikuu cha Umoja wa Afrika kina tawi lake la sayansi huko Juja, Kenya, ambako kuna masta ya biolojia ya molekuli. Huko Kiingereza ni cha lazima. Anayejua Kiswahili ataishi vizuri mjini, lakini mtihani hautamngoja.

Baada ya masta, kazi si nyingi na hazilipi sawa. Wapo wanaobaki chuoni kama asistenti, wanaoingia INRB au mashirika ya afya, na wanaoajiriwa na kampuni za migodi katika idara za usalama na mazingira. Wengine wanakwenda nje na hawarudi. Kila anayeondoka anabeba miaka ambayo familia na chuo vililipa.

Kwa Ruashi, hesabu ni rahisi kueleza. Mgodi utaendelea kwa muda fulani, kisha siku moja madini yataisha na kampuni itafunga. Vumbi na watoto waliokua ndani yake watabaki. Wakati huo atahitajika mtu anayejua jinsi ya kuwapima, mwenye vipimo vya miaka iliyopita vya kulinganisha. Vipimo hivyo vinaweza kukusanywa sasa tu.